ALIYEPOTEA BAHARINI

Mazungumzo ya asubuhi redioni
Masomo: Zaburi 139:7–12, Luka 15:1–10, Ufunuo 20:11–13

 

Asubuhi hii nataka tuzungumze juu ya neno moja dogo. Neno hilo ni "amepotea". Kila mmoja wetu analitumia. Twasema mbuzi amepotea, ufunguo umepotea, mtoto amepotea sokoni. Lakini kuna nyumba ambazo neno hilo liliingia siku moja, likaketi, na halikutoka tena kwa miaka mingi. Nataka kuwapa habari za nyumba moja ya namna hiyo.

Mimi nahudumu katika Kaunti ya Lamu, upande wa bara, kule Mpeketoni. Katika kanisa letu yuko mama mmoja mzee, umri wake umepita miaka 80. Yeye na mume wake walikuja kutoka bara katika miaka ya 1970, wakati ardhi ya kando ya Ziwa Kenyatta ilipogawanywa. Walifyeka msitu, wakapanda mahindi na pamba, wakalea watoto. Kila Jumapili mama huyu huketi benchi la tatu kushoto. Sina habari kwamba amewahi kukosa Meza ya Bwana isipokuwa kwa ugonjwa.

Siku moja baada ya ibada alinisubiri mlangoni. Akasema, "Mchungaji, nina neno. Je, naweza kumzika baba yangu?"

Nikamwuliza, "Mama, baba amefariki lini?"

Akanijibu, "Mwaka 1944."

Ndugu zangu, naona haya kuwaambieni nilivyomjibu. Nilikuwa na haraka, nilikuwa na mkutano wa wazee wa kanisa. Nilisema, "Mama, hayo yalipita zamani. Mungu anajua." Kisha nikaenda zangu. Maneno yale yalikuwa ya kweli, lakini niliyatumia kama mtu anavyofunga mlango. Chuoni nilisoma miaka mitatu jinsi ya kuwafariji wafiwa, na siku ile nilimwacha mfiwa amesimama juani.

Usiku sikupata usingizi. Kesho yake nikaenda nyumbani kwake, nikamwomba radhi. Akaniwekea kiti, akanisimulia.

Baba yake alichukuliwa jeshini wakati wa Vita Kuu ya Pili. Vijana wengi wa Kenya, Uganda na Tanganyika walivaa sare wakati ule. Wengine waliingia Keya, wengine kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Baba huyu alikuwa wa mizinga. Alikuja likizo mara moja, akaoa, akarudi kambini. Alipoondoka mara ya mwisho mke wake alikuwa mjamzito. Mtoto alizaliwa mwezi wa Aprili 1944, wala baba hakumwona. Mtoto huyo ndiye mama huyu wa benchi la tatu.

Sasa niwaambieni yaliyotukia. Mwaka 1942, baada ya Wajapani kuishambulia Ceylon, kisiwa tunachokiita leo Sri Lanka, manowari nyingi za Uingereza katika Bahari ya Hindi zilihamishiwa bandari yetu ya Kilindini. Mwaka 1944 Waingereza walikuwa wakipeleka askari wa Afrika Mashariki Ceylon, na kutoka huko kwenda vitani Bama. Mwanzoni mwa mwezi wa Februari msafara wa meli tano za kubeba askari uliondoka Kilindini kwenda Colombo, ukilindwa na manowari. Meli moja iliitwa Khedive Ismail. Ilijengwa Scotland mwaka 1922, na baadaye ikapewa jina la mtawala wa zamani wa Misri. Ndani yake walikuwamo watu 1,511. Karibu elfu moja kati yao walikuwa wa Rejimenti ya 301 ya mizinga ya Afrika Mashariki. Walikuwamo pia mabaharia wa jeshi la majini la Uingereza, na wanawake wauguzi.

Siku ya Jumamosi, tarehe 12 Februari 1944, baada ya saa nane mchana, walikuwa karibu na visiwa vya Maldivi. Nyambizi ya Kijapani, I-27, ilipiga meli ile kwa makombora mawili ya majini. Kwa muda wa dakika mbili hivi meli ilikuwa imezama. Dakika mbili! Mtu aliye chini hawezi hata kupanda ngazi. Waliookolewa walikuwa 214 tu: wanaume 208 na wanawake 6. Watu 1,297 walikufa.

Habari za meli zilizozama hazikutangazwa ovyo wakati wa vita. Baada ya muda chifu alikuja nyumbani kwa yule mke kijana na karatasi mkononi. Mke hakujua kusoma. Chifu akasoma, akatafsiri. Akasema, "Mume wako amepotea baharini."

Basi, yule mke alilishika neno lile kwa mikono miwili. Kwake yeye, chifu hakusema amekufa. Alisema amepotea. Na kitu kilichopotea hutafutwa, na pengine huonekana. Kwa hiyo hakulia. Hakukubali matanga. Shemeji walipokuja kuzungumza habari za nyumba na shamba, aliwaambia mwenyewe hajafika. Sanduku la bati la mume wake alilifunga, na ufunguo akaufunga kwenye kamba shingoni. Kila mtu akimwombea kanisani kama mjane, alitoka nje. Alimwambia binti yake, "Wakimwombea kama maiti, wamemwua." Akaishi hivyo mpaka miaka ya 1990, na ufunguo ulikuwa shingoni siku aliyokufa.

Binti akaurithi ufunguo. Sasa naye amekuwa mzee, na watoto wake wanamwuliza lile sanduku ni la nani. Ndiyo maana alinisubiri mlangoni.

Ndugu msikilizaji, sisi wa Mpeketoni twajua msiba. Mwezi wa Juni 2014 watu zaidi ya 60 waliuawa kwetu kwa siku chache. Tulilia sana. Lakini wale tuliwaona, tukawaosha, tukawazika, tukajua mahali pa kwenda kuweka ua. Mama huyu alinifundisha kwamba kuna msiba mwingine, usio na mahali. Na msiba usio na mahali huenda nawe kila mahali.

Neno la Mungu lasemaje? Naona mambo matatu.

Jambo la kwanza: Mungu anajua mahali.

Fungua Zaburi ya 139. Mtu yule anajiuliza aende wapi mahali ambapo Mungu hayupo. Anafikiri juu ya mbingu, anafikiri juu ya kuzimu. Kisha anaifikiri bahari, hata pande zake za mwisho kabisa, na anakiri kwamba huko pia mkono wa Mungu ungemshika. Wenyeji wa visiwa vya Lamu wanaielewa Zaburi hii kuliko sisi watu wa bara. Ukisimama ufuoni Shela asubuhi ukalitazama jua linapotoka, hakuna nchi mbele yako. Ni maji tu. Ukifuata upande ule wa mawio kwa kilomita zipatazo 3,500, utafika karibu na mahali ilipozama Khedive Ismail. Kwa ramani za wanadamu ni maji matupu. Kwa Mungu si matupu. Maji ya kina kile hayamfichi mtu mbele ya Yeye aliyeyaumba.

Jambo la pili: Mungu anajua jina.

Nilimwomba kijana mmoja wa kanisa letu aliyekuwa akisafiri kwenda Nairobi apite kwenye makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong. Pale iko Kumbukumbu ya Afrika Mashariki, yenye majina ya askari ambao hawana kaburi linalojulikana, na wa Khedive Ismail wamo. Akatafuta kwa kidole, jina kwa jina. Akalipata! Lakini liliandikwa vibaya. Karani fulani aliyeliandika hakujua lugha ya kwao, akaweka herufi kama alivyosikia. Kijana akalinakili kwenye karatasi. Mama alipoiona, alicheka huku akilia. Akasema, "Wamemharibu jina, lakini ni yeye."

Na hawa wa 1944 walipata walau herufi. Mwaka 2021 tume yenyewe inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba baada ya Vita Kuu ya Kwanza maelfu kwa maelfu ya askari na wapagazi wa Kiafrika hawakuandikwa majina yao mahali popote. Wazungu waliandikwa mmoja mmoja. Wetu wengi wakaachwa. Hilo lilikuwa kosa, nasi hatuna haja ya kuliita jina jingine.

Lakini msikilize Bwana Yesu. Katika Luka 12 anasema habari za ndege wadogo wa bei ndogo sana sokoni, na kwamba hata mmoja wao hasahauliwi na Mungu. Kitabu cha mbinguni hakiandikwi na karani asiyejua lugha yako. Mungu analijua jina lako kama mama yako alivyolitamka.

Jambo la tatu: Mungu atawatoa.

Katika Ufunuo 20, mtume Yohana aliona siku ya mwisho, na kitu cha ajabu alichokiona ni kwamba bahari nayo iliwatoa wafu waliokuwa ndani yake. Kwa nini aliitaja bahari? Angeweza kusema wafu wote, ikatosha. Nafikiri ni kwa sababu Roho wa Mungu alijua kwamba wangekuwako akina mama wenye ufunguo shingoni. Bahari si mmiliki. Ni mtunzaji tu, na siku moja ataitwa kutoa hesabu ya alichowekewa.

Ndipo tukarudi kwenye neno la chifu. Nilimwambia mama, "Chifu alisema amepotea. Soma Luka 15. Mchungaji alipotelewa na kondoo mmoja. Je, ni nani aliyekwenda kutafuta?" Akasema, "Mchungaji." Nikamwambia, "Mama yako alitafuta miaka hamsini, akachoka. Wewe umetafuta, umechoka. Sasa mwache Mwenye kondoo atafute. Kazi hiyo ni yake, na yeye hachoki."

Akanyamaza sana. Kisha akaniuliza swali gumu zaidi. Alisema, "Baba hakuwa amebatizwa."

Wapendwa, mchungaji anaweza kudanganya hapo, kwa upande huu au upande ule. Sikutaka kudanganya. Nilimkumbusha jinsi Ibrahimu alivyosimama mbele ya Bwana kuuombea mji wa Sodoma, akiamini kwamba Mwamuzi wa dunia yote hawezi kutenda lisilo haki. Nikasema, "Mimi si mwamuzi wa baba yako. Mwamuzi wake ni yule aliyejeruhiwa mikono. Je, unaweza kumwacha katika mikono hiyo?" Akasema, "Naweza."

Liko jambo jingine lililomsumbua, na huenda linawasumbua wengine. Meli ilipozama, nyambizi ilijificha chini ya maji, mahali palepale walipokuwa wakielea waliookoka. Manowari mbili za Uingereza, Petard na Paladin, ziliiwinda. Zilitupa mabomu ya kulipuka chini ya maji, na watu wao wenyewe walikuwamo majini. Kama wasingefanya hivyo, nyambizi ingeweza kuzifuata meli nyingine nne zilizojaa watu. Vita ile iliendelea zaidi ya saa mbili, mpaka nyambizi ikazamishwa. Karibu Wajapani wote waliokuwamo walikufa.

Mama aliniuliza, "Basi ni nani aliyemwua baba? Adui au rafiki?" Nikamwambia, "Mama, sijui. Hakuna ajuaye." Nafikiri juu ya yule kamanda aliyeamuru. Simhukumu, wala simtakasi. Vita ndiyo iliyomletea mbele yake njia mbili, zote zikiwa na damu. Nafikiri pia juu ya akina mama wa Japani walioletewa karatasi zao, maana nao walingoja. Tukitaka kujua vita ni nini, tusiangalie gwaride peke yake. Tuyaangalie yale maji.

Basi tukapanga siku. Tulikuwa watu tisa: mama, watoto wake, wajukuu wawili, katekista na mimi. Tulishuka mpaka Mokowe, tukakodi mashua yenye injini. Nahodha alikuwa mzee wa Lamu, Mwislamu, mtu wa maneno machache. Tukapita mbele ya mji, tukapita Shela, hata mahali pale mkondo unapokutana na bahari kuu na mawimbi huanza kuinuka. Ulikuwa msimu wa kaskazi, na upepo ulivuma kutoka upande ule ule.

Nikamwomba nahodha asimame kidogo. Akazima injini. Sikumweleza mengi, lakini alikuwa amesikia tulivyozungumza njiani. Akavua kofia yake, akaipakata. Akasema, "Padri, soma bila haraka. Hata sisi tuna wetu." Baadaye alinieleza kwamba ndugu wa babu yake alitoka na jahazi msimu wa kaskazi, na jahazi lile halikuonekana tena.

Nilisoma Zaburi. Hatukuomba ili kubadili hukumu ya Mungu, kwa maana sisi hatufundishi hivyo. Tulimshukuru Mungu kwa maisha ya yule kijana, tukamkabidhi kwa Muumba wake, tukalitaja jina lake mara tatu, kwa matamshi ya nyumbani kwao, si kama lilivyoandikwa na karani. Kisha mama akaufungua ule ufunguo shingoni. Nilidhani atautupa majini. Hakuutupa! Akampa mjukuu wake mkubwa, akamwambia, "Tukifika nyumbani, fungua sanduku."

Mkataka kujua kilichokuwamo? Mlikuwa na shuka moja, kikombe cha bati, na shati jeupe la arusi. Vitu vya mtu aliyekusudia kurudi. Wajukuu walivishika kimoja kimoja, na kwa mara ya kwanza mama aliwasimulia habari za babu yao mkuu tangu mwanzo mpaka mwisho. Sasa habari zake zina mwisho.

Ndugu msikilizaji, huenda nawe una aliyepotea. Huenda ni mvuvi aliyetoka usiku na mashua ikarudi tupu. Huenda ni kaka aliyekwenda Arabuni kutafuta kazi na simu yake haipatikani tena. Huenda ni babu aliyekwenda Bama. Nakuomba mambo matatu.

Kwanza, andika jina lake. Liandike mbele ya Biblia yako, kwa herufi sahihi, na mwaka aliozaliwa kama unaujua. Usimwachie karani.

Pili, wasimulie watoto wakati wewe ungali na pumzi. Damu ni nzito kuliko maji, wahenga walisema, lakini hata damu husahau isipoambiwa.

Tatu, usimfunge aliye hai kwa kamba ya aliyepotea. Wazee wa ukoo, mjane anayengoja mwacheni alie. Msimlazimishe kusahau, wala msimkataze kuomboleza. Na ninyi wachungaji wenzangu, mtu akiwasubiri mlangoni, mkutano wa wazee unaweza kungoja dakika kumi.

Kwa maana Bwana wetu mwenyewe alilala katika kaburi la kuazima, na siku ya tatu kaburi lile lilionekana tupu. Tumaini letu halikujengwa juu ya kaburi. Limejengwa juu yake Yeye aliyetoka humo.

Tuombe.

Ee Bwana, Mungu wa nchi kavu na wa vilindi, twakushukuru kwa kuwa hakuna aliyepotea machoni pako. Wakumbuke wale wa Khedive Ismail, na wale wa manowari, na wale wa nyambizi. Wafariji waliozeeka wakingoja. Walinde mabaharia na wavuvi wanaotoka leo. Tupe sisi subira ya kusikiliza, na siku ile utakapoiita bahari itoe hesabu, utukusanye mbele zako kwa rehema. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.